Aliyempokea Mgeni Mzigo

Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri, Kombo alikuwa akiosha baraza ya mlangoni kwa mpira wa maji. Vumbi la Al Amerat, nje kidogo ya Maskati, halina adabu. Likishuka kutoka milimani huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na kesho yake Bwana Mahfoudh alikuwa na wageni wa chakula cha mchana. Kombo aliosha sakafu, akaupangusa mlango wa nakshi uliochongwa Unguja, kisha akachukua mswaki mkongwe na kuanza kuwasugua masikio watu wa mawe. Masikio ndiyo yanayokamata vumbi zaidi.

Watu wa mawe walikuwa wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto kwa mlango. Kila mmoja alikuwa amepiga goti, ameinamisha mgongo, na juu ya mabega yake imesimama nguzo nyekundu. Kichwani pa kila nguzo palichongwa simba mwenye viwiliwili viwili na kichwa kimoja kwenye pembe ya jiwe, ili atazame pande zote mbili bila kuchoka. Nguzo zilibeba tao la nusu duara, na tao likabeba dari nzito ya saruji. Vitu hivyo vyote, isipokuwa saruji, vilitoka kaskazini mwa Italia, katika kanisa dogo la bondeni lililojengwa karibu miaka mia tisa iliyopita na kubomolewa zamani ili reli ipite.

Aliyevileta ni Shatha, binti wa Mahfoudh, aliyesomea huko ujenzi wa makanisa ya kale. Alipoyakuta mawe hayo kwa muuzaji alimpigia baba yake simu huku akilia, na baba mwenye binti mmoja hana ujanja. Mawe yalikuja kwa meli, yakalala katika bohari moja ya mtaa wa Ghala mpaka nyumba ilipofika kimo chake. Bi Khole, mama yake Mahfoudh, alipoyaona alisema masanamu hufukuza malaika. Shatha akamjibu kwamba hayo si masanamu, ni nguzo, tena yako nje. Bi Khole aliridhika, ila kila alipopita hapo alisoma dua kidogo chini kwa chini.

Kombo hakuwa na mawazo ya mawe siku hiyo. Jumapili alikuwa anasafiri. Binti yake Nadra alikuwa anaolewa Wete, Pemba, Ijumaa ya wiki iliyofuata, na Kombo ndiye baba, ndiye walii. Yeye ndiye wa kukaa mbele ya shehe, aushike mkono wa bwana harusi na kutamka kwa kinywa chake kwamba amemwoza. Likizo yake ilikwishaahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya ujenzi, mara ya pili Bi Khole alipoanguka bafuni. Hakuna aliyemtolea ukali. Kila mara Mahfoudh alimshika bega na kumwambia neno lile lile, kwamba yeye si mfanyakazi, ni mtu wa nyumbani. Alipoondoka Pemba, Nadra alikuwa anang'oka meno ya utoto. Sanduku lilikuwa tayari chini ya kitanda, limejaa khanga na udi na mashine ya kusagia nazi, na pasi yake ya kusafiria ilikuwa mahali pake pa siku zote, katika mtoto wa meza ya Mahfoudh, kwa usalama.

Alipofika kwenye sikio la pili la mtu wa kulia, mtu yule aligeuza shingo. Akamtazama Kombo, akanyanyua kidevu kidogo, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye mzigo mabegani anayetaka msaada na hana mkono wa kuita.

Kwao Kombo, ukikutana na mtu ana mzigo humuulizi anatoka wapi wala mzigo ni wa nani. Unampokea kwanza. Mtoto asiyewapokea watu wazima mizigo njiani husemwa mtaa mzima, na matusi huenda kwa mama yake. Kombo akafunga bomba, akaweka mswaki chini, akageuka, akapiga goti.

"Lete," alisema.

Nguzo ilihama kutoka bega hadi bega bila kishindo. Mtu wa jiwe alinyooka polepole, huku uti wa mgongo wake ukilia pingili moja baada ya nyingine. Alinawa uso kwenye bomba, akanawa miguu, akaenda mlangoni na kubisha hodi.

Bi Khole alikuwa amekaa ukumbini na tasbihi yake. "Karibu, mwanangu, pita ndani," alisema. "Shatha! Kuna mgeni. Lete kahawa."

Mahfoudh aliporudi kutoka kiwandani kwake Rusayl alimkuta mgeni kwenye majlis, sebule ya wageni, tende na halua mbele yake, chetezo kinafuka udi chini ya vazi lake la jiwe. Alivua viatu, akamsalimu kwa mikono miwili, na kwa kuwa mikono ya mgeni ilikuwa baridi, akaagiza kiyoyozi kipunguzwe. Kisha alitoka nje kumwona Kombo.

"Vipi, Kombo?"

"Alhamdulillahi, bwana. Nimempokea mgeni mzigo."

"Umefanya uungwana. Mzito?"

"Wa kiasi. Kama gunia la mchele."

"Basi vumilia kidogo, yakhe. Mgeni bado hajapumzika."

Asubuhi yake alikuja injinia Yaqdhan, ambaye ndiye aliyeipigia hesabu ile dari. Alipima kwa macho, akapima kwa mita, akasema Kombo akitoka dari itashuka, na ikishuka itakuja na ukuta wa mbele. Alileta jeki za chuma kutoka Ghala na kuzikaza kando ya nguzo. Zilijikunja zote kama mirija ya soda. Yaqdhan aliandika namba za jeki ili azirudishe kwa mwenye duka, akasema kwamba kwa uzoefu wake baadhi ya nguzo hutaka mgongo na si chuma, akaomba udhuru kwa sababu ilikuwa Ijumaa.

Wageni wa Mahfoudh walipita barazani baada ya sala. Wengi walimfahamu Kombo, wakamuuliza hali, naye akawajibu. Ndani waliketi na mgeni katikati, mahali pa heshima, na pilau ilipokuja alikatiwa nyama ya bega kwa mkono wa mwenye nyumba. Mzee mmoja aliuliza habari za tao, na Shatha akaeleza kwa Kiarabu na Kiswahili, kama wanavyozungumza watu wa nyumba hiyo, kwamba wajenzi wa zama zile hawakuamini kuta nyembamba. Walijenga kuta nene, wakaacha madirisha membamba kama nyufa, na kila tundu wakalifunika kwa tao la duara, maana walijua kwamba uzito haupotei. Unatoka kwenye dari unakwenda kwenye tao, unatoka kwenye tao unakwenda kwenye nguzo, unashuka hivyo hivyo mpaka umpate wa kuupokea. Wageni walisema mashaallah. Mgeni wa jiwe alitazama sahani yake.

Jioni Shatha alimpelekea Kombo chakula, akamlisha kwa mkono wake, kwa kuwa mikono ya Kombo ilikuwa imeshika magoti na haikutaka tena kuachia. Shatha alikuwa na huruma ya kweli, na lazima isemwe. Alimtia ndala chini ya goti. Alimpangusa jasho.

"Ami Kombo, chuoni niliandika kitabu kizima juu ya watu hawa," alisema. "Niliandika kwamba zile nyuso zao ni alama."

"Alama ya nini, mwanangu?"

"Ya mzigo."

Kombo alifikiri. "Basi sawa," alisema. "Nna kiu."

Usiku huo mgeni alizungumza. Haikuwa lugha ya Italia ya leo. Ilikuwa ile ya vijijini ya zamani, Kilatini kilichokwisha kuchakaa, na ni Shatha peke yake aliyeambulia maneno. Alikuwa mchonga mawe. Siku moja, kabla kanisa halijaezekwa, alimkuta mwenzake ameibeba nguzo ile mabegani, akamwambia aende akale chakula cha mchana, yeye atamshikia. Mwenzake alikwenda kula. Kuhusu yule wa kushoto hakuwa na habari; alimkuta tayari yuko pale.

Shatha aliyaeleza hayo kwa baba yake. Mahfoudh alisikitika, akasema wafanyakazi wa zamani walipata tabu sana.

Jumamosi mchana gunia la mchele lilikuwa limekuwa magunia mengi, na Kombo aliona goti lake la kulia limeingia ubaridi ambao haukutokana na sakafu. Alisali kwa kuinamisha macho, na Bi Khole alimhakikishia kutoka dirishani kwamba mwenye udhuru anasali atakavyoweza. Mahfoudh alipotoka kwenda kwenye gari, Kombo alimwita.

"Nipokee, bwana. Dakika mbili tu, ninyooshe goti."

Mahfoudh alisimama. Uso wake ulijaa haya, akajishika kiuno. "Mgongo wangu si unaujua wewe mwenyewe?"

Kombo aliujua. Ndiye aliyekuwa akiuchua kwa mafuta ya nazi kila wiki. Shatha naye alisema angempokea, akavua hata saa yake ya mkononi, lakini baba yake alimkataza, kwa sababu msichana ana maisha mbele yake. Shatha aliivaa saa yake. Lilimuuma Kombo, maana naye alikuwa na msichana.

Magharibi ya siku ile mgeni alitoka ndani bila kuitwa. Siku tatu za kahawa na udi zilikuwa zimemlainisha. Mashavu yalikuwa na rangi na vidole vilikunjika. Alisimama mbele ya Kombo muda mrefu. Halafu alimgeuzia mgongo, akapiga goti mbele yake, akaonyesha kwa kidole lile bonde lililokuwa bado mabegani mwake, mahali nguzo ilipokaa. Hapakuhitajika mkalimani. Kombo alianza kuhema kwa furaha, akawaza Jumapili, akawaza sanduku chini ya kitanda.

"We, mwanangu! Simama hapo!"

Ilikuwa sauti ya Bi Khole. Alikuja na mkongojo wake mpaka mlangoni, kwa hasira ya kweli.

"Mgeni wangu hatobeba mzigo mlangoni pangu mimi. Tulikuja hapa kutoka Unguja hatuna kitu, lakini hatujawahi kumtumikisha mgeni. Watasemaje watu?"

"Bibi," alisema Kombo kutoka chini ya nguzo, "wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Hayo ni ya wahenga wa watu wenye dhiki. Kwetu mgeni ni mgeni hata akakaa mwaka."

"Na mimi, Bibi?"

Bi Khole alimtazama kwa mapenzi. Kombo ndiye aliyemnyanyua siku ile bafuni. "Wewe si mgeni, mwanangu," alisema. "Wewe wa hapa hapa."

Alimshika mgeni mkono, akamrudisha ndani kwenye kahawa. Mgeni aligeuka mara moja kutazama nyuma. Ana haki ya kusamehewa kwa kwenda, maana alikuwa na miaka mia tisa ya njaa, na mlango ulikuwa wazi.

Siku tatu zilikuwa zimekwisha, na baada ya siku tatu inaruhusiwa kumuuliza mgeni haja yake. Jumapili asubuhi Mahfoudh alimuuliza, na mgeni akaonyesha barabara. Alitaka kwenda. Kwenda wapi, hakuwa na shauri. Kijiji chake kimekuwa reli. Tiketi iliyokuwapo ndani ya nyumba ilikuwa moja, ya Unguja usiku ule ule, na ingepotea bure. Mahfoudh ni mtu asiyependa neema imwagike. Alikwenda barazani kumuuliza Kombo, kwa sababu si uungwana kutoa kitu cha mtu bila ya idhini yake.

Kombo alifumba macho. Mambo yalikuwa machache, akayaona yote kwa mara moja. Khanga za harusi hazikuwa na kosa la kuzifanya zisifike. Na bibi harusi asiyesimamiwa na baba yake, wakati baba yu hai, ni maneno ya watu mpaka wajukuu.

"Nipigieni simu kwa ndugu yangu Faki," alisema.

Shatha alimshikia simu sikioni. Kombo alimpa Faki uwakala mbele ya masikio ya watu wawili, kwamba amemwakilisha kumwoza Nadra, ili ndoa isiwe na kasoro. Faki aliuliza, kwani wewe huji? Kombo akasema anakuja, lakini amechoka, na huenda asiseme sana. Kisha akamwambia Mahfoudh, "Mpeni pasi yangu. Mtu aonekane pale harusini."

Ilikuwa mara ya kwanza pasi ile kutoka kwenye mtoto wa meza tangu ilipoingia. Kwenye uwanja wa ndege, afisa aliitazama picha, akamtazama mgeni aliyevaa kanzu na kofia ya Kombo, akatazama tena picha. Wakati huo kule Al Amerat uso wa Kombo ulikuwa umekwisha kuwa na ule upana wa mashavu na ule mdomo uliofunguka kidogo alioufahamu Shatha kutoka kwenye kitabu chake. Afisa aliona ni uso mmoja, akapiga muhuri.

Ijumaa, walipokuwa wanamaliza chakula cha mchana, Nadra alipiga simu. Shatha alitoka mbio nayo barazani. Kombo hakuwa tena na haja ya kula, na maji yakimiminwa mdomoni yalitoka yalivyoingia, lakini alikuwa anasikia. Alisikia vigelegele. Alisikia shehe akikohoa kwenye kipaza sauti, na Faki akitamka yale maneno moja baada ya moja, vizuri, bila kukosea. Kisha sauti ya msichana mkubwa ambayo hakuwahi kuijua ikaja karibu.

"Bwana Mahfoudh? Mimi Nadra. Nakushukuruni sana kumruhusu baba. Amefika salama. Kakonda, hasemi, lakini kaniwekea mkono kichwani. Mkono wake mzito!"

Mahfoudh alikuwa ameshafika, akaichukua simu. Machozi yalimlenga. "Usitushukuru, mwanangu," alisema. "Baba yako kwetu si mfanyakazi. Ni mtu wa nyumbani."

Chini ya nguzo, kitu kilitiririka kwenye shavu la jiwe na kukauka haraka, maana joto la siku hiyo lilikuwa kali. Shatha alikiona. Alikaa chini kwenye ngazi na kulia mpaka walipomwita kunywa chai.

Miezi imepita. Nadra huandika mara kwa mara. Baba yake anakaa Wete, anachongea watu mawe ya makaburi na kazi yake inasifiwa, ila majirani wanalalamika kidogo. Kombo wa zamani, wanasema, alikuwa anampokea hata mtoto kikapu cha mayai. Huyu aliyerudi akimwona mtu ana mzigo huingia ndani na kufunga mlango. Wanasema ndivyo ilivyo, Maskati hubadilisha watu. Shatha alimsomea Kombo barua hiyo mara moja tu, akajuta, kwa sababu alikuwa anamjua Kombo na aliona limempata mahali pabaya kuliko goti.

Wataalamu wawili wamekuja kutazama baraza. Walikubaliana kwamba mtu wa kulia ni bora kuliko wa kushoto, na kwamba mchongaji wa zama zile alifahamu uchovu kwa namna ambayo haifundishiki tena. Shatha hakuwasahihisha. Bi Khole akipita hapo hasomi tena chini kwa chini. Husimama, humpangusa Kombo kipaji cha uso kwa ncha ya buibui lake, humwambia, "Mwenyezi Mungu akulipe," na huingia ndani kupumzika.

Nyumba haiwezi kukaa bila mtu, kwa hivyo amekuja mwengine, anaitwa Makame, mtu wa Makunduchi, mpole, mwenye adabu. Mahfoudh alimpokea vizuri. Alimwonyesha chumba, akaiweka pasi yake katika mtoto wa meza, akamweleza kwamba hapa hakuna mfanyakazi, wote ni watu wa nyumbani. Alimwonyesha mpira wa maji na mswaki. Kisha akampa sharti moja, la pekee, akamtaka alirudie kwa sauti ili ajue kwamba amelifahamu: katika nyumba hii, kwa hali yoyote ile, asimpokee mtu mzigo.

Kila Alkhamisi baada ya alasiri Makame huosha baraza. Husugua masikio ya mtu wa kushoto, halafu husugua ya mtu wa kulia. Kombo hunyanyua kidevu, humwambia kwa Kiswahili cha kwao, polepole, "Nipokee, ndugu yangu."

Makame, ambaye kwao Makunduchi pia watu hupokeana mizigo na ambaye mama yake bado yu hai, humwagilia maji usoni kwa uangalifu, yasimwingie machoni. Kisha hufunga bomba, hukunja mpira, na huingia ndani kwa mlango wa nyuma.